Kabla fedha za msitu hazijafika, hesabu majiko

Watu wa kaboni, wale wanaotaka kuvilipa vijiji kwa kutunza misitu inayovuta hewa ya ukaa, wameshaanza kupita vijiji vya huku kwetu Sikonge, na popote wanapokaa kikao swali la kwanza ni lilelile: tutapata shilingi ngapi? Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji na mtunza hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, VICOBA, kwa hiyo sitajifanya nadharau fedha. Ila swali hilo linatangulizwa mno. Fedha ileile ikiingia nyumba mbili zilizopakana, huku wanaezeka bati, kule wanakopa debe la mahindi kabla ya mavuno. Sababu utaiona ukiwahesabu walio ndani: nani ana nguvu za jembe, nani bado wa kulishwa, nani anakwenda porini kutafuta nini, na nani mwenye kauli ya mwisho juu ya shamba.

Hesabu hiyo nimeifundisha vitongoji vyetu, na hapa naiandika kwa ajili ya kaya. Maofisa wana fomu zao.

Fedha inapita wapi

Sheria nitaipita haraka. Msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji ni wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinaruhusu kijiji kutenga hifadhi yake, kuwa na kamati na kutunga sheria ndogo. Biashara ya kaboni ina kanuni zake za 2022, na kipo Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mgeni anayekuja na mkataba huku hataki kusikia habari ya halmashauri ya wilaya wala mkutano mkuu wa kijiji, mpe maji ya kunywa, kisha msindikize barabarani.

Mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Baba mwenye wake wawili na vijana wawili wakubwa ana kura moja, na nyumba yake ina kura tano. Hilo wengi hawalijui, na wanaolijua hawalisemi.

Sehemu kubwa ya fedha hizi haiji mkononi mwa mtu. Majirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, wana vijiji vinane vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata, na fedha za kaboni zinaingia kwa kijiji, zinajenga madarasa na kuhudumia afya. Ni jambo jema, lakini hata hapo tazama nyumba. Darasa jipya linamfaa mama mwenye watoto wanne wa shule. Bibi anayeishi peke yake, aliyekuwa anauza uyoga kila masika kutoka msitu uleule, darasa halimpikii. Zahanati itamfaa. Kwa hiyo mkutano unapopigia kura mradi wa kwanza, kila mtu aulize nyumbani kwake nani atautumia.

Mahali pengine mgao ulipelekwa kwa mtu mmoja mmoja. Kilosa na Lindi walifanya hivyo wakati wa majaribio ya MKUHUMI, mpango wa kuwalipa watu wapunguze ukataji wa misitu, yaliyofadhiliwa na Norway. Uganda, wilaya za Hoima na Kibaale, kati ya 2011 na 2013 walilipwa wenye misitu binafsi, shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka. Miti ilipona: vijiji vilivyolipwa vilipoteza asilimia 4.2 ya miti, visivyolipwa vikapoteza asilimia 9.1. Lakini mkataba ulikuwa wa mwenye msitu. Kijana asiye na eneo hakuwa na cha kusainia.

Karatasi ya kaya

Chukua karatasi ya katikati ya daftari, ile ya kurasa mbili. Kaeni jioni baada ya chakula, wote, na anayeandika awe mtoto wa shule mwenye mwandiko unaosomeka. Andikeni kila jina na umri wake, kazi yake wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, na kitu anachokileta kutoka porini. Safu ya mwisho muiache wazi kwanza.

Nitoe mfano wa nyumba ya kubuni, ambayo kila mtu wa huku ataifananisha na ya jirani yake. Mzee ana miaka 58. Nyumba kubwa, ya mke wa kwanza, ina mama na watoto wanne: kijana wa miaka 26 aliyekwenda machimbo ya Chunya, wa 22 aliye nyumbani, binti wa 16 anayesoma na mvulana wa 12. Nyumba ndogo, ya mke wa pili, ina mama na watoto wanne, wote chini ya miaka minane. Na yupo bibi, mama yake mzee, ambaye jembe amelitua. Wote ni 12.

Sasa mikono. Mzee, wake wawili na kijana wa 22 ndio wa kutegemewa shambani. Binti ni nusu, maana jembe analishika Jumamosi na likizo tu. Mikono minne na nusu inalisha midomo 11 inayolala pale. Wana ekari mbili za tumbaku, mahindi, karanga za nyumba kubwa, viazi vya michembe vya nyumba ndogo, na mizinga ya mzee huko msituni.

Mradi ukiingia kwenye nyumba hii unagusa kila mtu kivyake, na hapa ndipo pa kutulia.

Kijana wa 22 anachukuliwa doria. Posho anapata, na ni fedha taslimu, mama yake anafurahi. Lakini doria haisimami mvua zinapoanza Novemba, wakati huohuo miche ya tumbaku inahamishiwa shambani na mahindi yanasubiri mbegu. Mikono imebaki mitatu na nusu. Anayeziba pengo ni binti wa 16, na mwalimu ataanza kuuliza kwa nini haonekani darasani. Andikeni kabla: siku ambazo kijana yuko doria, nani anashika jembe lake, na je, sehemu ya posho italipa kibarua? Nyumba yenye vijana watatu wakubwa haina shida hii, inamtoa mmoja na kazi inaendelea. Ndiyo maana nafasi za doria zikigawiwa kwa wanaojitokeza kwanza, zinaishia kwenye nyumba zenye vijana wengi, na yule mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume anaambiwa hakuja kujiandikisha.

Mzee naye ana mizinga. Kama ni ya magome, ajue inakuja kukatazwa, kwa kuwa ukiuchuna myombo gome zima kuzunguka shina, mti unakufa. Mzinga wa sanduku unataka mbao na fundi. Lakini una faida ambayo wanaume hawaitangazi: unaweza kuwekwa kwenye manzuki, yaani eneo la kufugia nyuki, karibu na kijiji. Urinaji wa porini ni wa wanaume, wanakwenda kupiga kambi siku nyingi. Manzuki iliyo mwendo mfupi kutoka nyumbani mama anaifikia na kurudi kabla watoto hawajatoka shule. Mradi ukileta mizinga ya kisasa, ombeni iandikwe kwa jina la kila mke, msikubali yote iandikwe kwa jina la mzee. Nasema hivi nikijua wapo watakaonuna.

Tumbaku inataka kuni za bani, lile banda la kuikaushia. Hizo zikitoka msitu wa hifadhi ni kesi, kwa hiyo lazima mpande miti yenu. Miti inataka ardhi. Nani anatoa ardhi? Katika nyumba nyingi nilizokaa nazo, jibu linaangukia shamba la karanga la mke, kwa sababu ndilo linaloonekana halina fedha. Karanga hizo ndizo mboga ya nyumba mwaka mzima, na ndizo sare za shule. Andikeni shamba la nani litapandwa miti, na aliyelitoa atapata nini kwenye fedha za tumbaku.

Bibi na wake wawili ndio wa kuni, uyoga, matunda ya furu na dawa. Watu wa mradi wakisikia matumizi ya msitu wanawaza mkaa na mbao, vitu vya wanaume. Kama safu ya porini haikujazwa vizuri, sheria ndogo zitaandikwa kana kwamba msituni hakuna mwanamke anayeingia. Zinaweza kuruhusu kuni kavu, uyoga na mitishamba kwa siku maalumu na njia maalumu, na zikiruhusu bila kutaja siku, mlinzi mgeni atamnyang'anya bibi mzigo wake kichwani. Tajeni siku.

Wote hao, kwa orodha ya kijiji, ni kaya moja yenye jina la mzee.

Hesabu kwa majiko

Sensa ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchi nzima. Huku kwetu kaya ya watu saba au tisa si habari. Sasa tuseme kijiji kimeamua kugawa Sh 40,000 kwa kila kaya. Mjane anayeishi na mjukuu mmoja, kila mtu pale ana Sh 20,000. Nyumba ya mzee wetu, midomo 11, ni Sh 3,600 na chenji kidogo kwa kila mtu, kama mzee ataigawa, na kama haikuishia kwenye tairi la pikipiki.

Kugawa kwa kichwa nako kuna hila zake. Siku ya kuandikisha, watoto wa mashemeji wanatokea kutoka Kaliua na Urambo, na mtoto mmoja anaitika majina mawili.

Msimamo wangu, na nimeusimamia mbele ya mkutano, ni kuhesabu majiko. Penye sufuria yake na ghala lake, hiyo ni kaya. Mke wa pili mwenye jiko lake aandikwe kwa jina lake. Kijana aliyeoa na mkewe anapika kwake, aandikwe. Kijana anayekula kwa mama hata kama ana chumba chake, bado ni wa jiko la mama. Bibi anahesabiwa kwenye jiko linalomlisha, na jiko hilo liongezewe kitu kwa ajili yake. Majiko hayadanganyi kirahisi, mwenyekiti wa kitongoji anayajua kwa moshi wake.

Mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Mama katibu, unataka kunivunjia mji wangu?"

Nikamjibu, "Hapana baba, mji ni wako. Sufuria ndizo mbili."

Watu walicheka, naye akakaa, ingawa hakuridhika. Nina hakika hoja yake haikuwa fedha peke yake. Aliona jina la mke wa pili likiwa peke yake kwenye orodha, na akawaza siku atakapofariki. Hilo ni la kuzungumzwa nyumbani kwa upole, msimwachie katibu.

Hesabu ya majiko inasaidia hata kwenye bima. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ilikuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita. Kijiji kikisema kitalipia kadi moja kila kaya, nyumba yenye watu 11 inaacha watano nje, na wanaoachwa ni watoto wa nyumba ndogo, msidhani ni wengine. Kwa majiko mawili wangepata kadi mbili na wote wangeenea. Mfumo wowote wa bima utakaowekwa, ulizeni kwanza kadi inabeba watu wangapi.

Yule wa machimbo je? Anatuma fedha akijisikia, harudi kulima. Wakati wa kusaini, mama yake anataka ahesabiwe. Wekeni kanuni mapema, moja kwa kijiji kizima. Mimi napendelea aliyelala kijijini nusu ya mwaka au zaidi ahesabiwe kwenye mgao, na asiyefikia hapo abaki na haki yake ya ardhi ya ukoo tu. Wengine wanaona ni ukali. Lakini mikono yake haipo doria, wala haikuacha kufyeka.

Umri wa watoto siku mkataba unapokwisha

Hii ndiyo safu mliyoiacha wazi. Kwa kila mtoto, andikeni atakuwa na umri gani mwaka malipo yatakapokoma.

Somo hili nimelitoa China. Baada ya mafuriko ya mto Yangtze ya 1998, serikali yao ilianza mwaka 1999 kuwalipa wakulima wa milimani waache kulima miteremko na kupanda miti au majani, ikianzia majimbo ya Sichuan, Shaanxi na Gansu. Malipo yalikuwa nafaka, kilo 2,250 kwa hekta kwa mwaka upande wa Yangtze na kilo 1,500 upande wa mto Njano, pamoja na fedha kidogo. Muda ulipangwa: miaka minane kwa miti ya hifadhi, mitano kwa miti ya matunda na mazao, miwili kwa majani. Kaya zenye vijana wa ziada ziliona mikono imepata nafasi, zikawatuma mjini kwenye ajira. Kaya ya wazee na wajukuu haikuwa na wa kumtuma. Ilipokea nafaka yake, na ardhi ya kulima ikawa imepungua.

Rudi kwenye nyumba ya mzee wetu. Mkataba ukiwa wa miaka minane, mvulana wa 12 atakuwa na 20, na wakubwa kati ya wale wadogo wa nyumba ndogo watakuwa wanaingia sekondari. Kijana wa 22 atakuwa na 30, ana mke na watoto. Zamani angefyeka shamba lake porini. Sasa pori limefungwa kwa kura ya baba yake. Kama baba ana ekari 12 na wana wa kiume wanne au watano, kila mmoja apige hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili kabla ya kupiga kura ya ndiyo. Kwanza, kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, dai ardhi ya akiba. Sheria ya vijiji inaitambua: kuna ardhi ya jumuiya, ardhi ya watu binafsi na familia, na ardhi ambayo kijiji kinaweza kuja kuigawa baadaye. Wapimaji wana haraka ya kuufanya msitu uwe mkubwa, kwa sababu hekta nyingi zinaleta malipo mengi. Vijana ndio wanaopaswa kuwa mbele siku hiyo, na ndio ambao hawaji kwenye mkutano. Wafuateni hadi kwenye bao.

Pili, baba agawe kwa maandishi akiwa hai. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba jina la mume na mke pamoja. Mwenye wake wawili atoe hati mbili, kila nyumba na shamba lake. Nimeona mjane akiambiwa na shemeji zake kwamba shamba alilolima tangu harusi ni la ukoo, kwa sababu hati ilikuwa na jina moja na jina hilo limezikwa. Mgogoro ukitokea kuna baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kama lenu halina hao watatu, anzieni hapo.

Laini ya nani?

Siku hizi mgao unakuja kwa simu. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wametufundisha uzuri na ubaya wake. Kabla namba haijaandikwa kwenye orodha, ulizeni laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani, nani anajua namba ya siri, na simu inalala wapi usiku. Mama asiye na kitambulisho cha taifa cha NIDA hutumia laini ya mtoto wake wa kiume. Mtoto akioa au akihama, mgao unahama naye. Nauli ya kumpeleka mama wilayani kufuatilia kitambulisho ni ndogo kuliko mgao mmoja uliopotea. Kama hilo haliwezekani kwa sasa, orodha iseme wazi kwamba fedha ni ya fulani na laini ni ya fulani, na wote wawili watie dole gumba.

Karatasi ya kaya ikikamilika, toeni nakala mbili. Moja akae nayo mwenyekiti wa kitongoji, nyingine ibandikwe ndani ya mlango wa ghala. Akizaliwa mtu, akiolewa, akifariki au akirudi kutoka machimbo, rekebisheni kwa kalamu juma hilohilo na mumpelekee mwenyekiti habari. Mkutano mkuu ni kila miezi mitatu, na kwetu orodha inafungwa wiki moja kabla yake. Anayekuja asubuhi ya mkutano kusema kaka yake amefariki na laini iko kwa wakwe, nitamwandika kwenye mgao unaofuata.